Na Kabla ya Hapo?

Madam Aketch alianza kazi kila asubuhi kwa kunusa matangi. Alipanda ngazi ya nyuma ya kila lori, akafungua kifuniko, akaingiza kichwa na kuvuta pumzi, kisha akashuka na kumruhusu dereva ajaze maji. Zamani madereva walimcheka kichinichini. Waliacha siku aliponusa tangi la lori moja la kukodi na kusema lilikuwa limewahi kubeba mafuta ya taa. Mwenye lori aliapa kwamba halijawahi. Aketch akavua viatu, akaingia ndani ya tangi na tochi, akatoka na kitambaa alichopangusia sakafu yake, akamwekea mwenye lori mkononi anuse mwenyewe. Lori lile halikuonekana tena uani, na watoto wa vijiji vya njia ya Hulugho hawakujua waliepushwa na nini.

Alikuwa mhandisi wa maji kutoka Siaya, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Ofisi aliyoiongoza mjini Garissa ilipeleka maji vijijini wakati wa ukame. Kitu kikiharibika hakufoka wala hakumtafuta wa kumfukuza. Alimwita mhusika ofisini, akamketisha, akamwuliza nini kilitokea mwisho. Akishajibiwa, aliuliza, "Na kabla ya hapo?" Akijibiwa tena, aliuliza vilevile, taratibu, mpaka wafike mahali kosa lilipozaliwa. Basi hapo kosa lilirekebishwa, mtu akashukuriwa na kurudi kazini kwake. Malori hayakuharibika ovyo tena. Muema, karani wake, aliyekuwa amefanya kazi chini ya mabosi wengi tangu atoke Kitui, alisema hajaona mwenye haki kumshinda.

Ni Aketch aliyeleta utaratibu wa picha. Zamani kulikuwa na madereva waliouza maji njiani, wakafika vijijini na tangi nusu. Kwa hiyo Aketch aliagiza kwamba kila dereva, akishamimina maji kwenye tangi la kijiji, alipige picha kwa simu na kuituma, namba iliyoandikwa ubavuni mwa tangi ikionekana yote. Picha zilimfikia Aketch mwenyewe. Alizikuza kwa vidole viwili na kuzikagua moja moja, hata siku za mapumziko.

Salah alikuwa dereva ambaye Aketch alimtegemea kuliko wote. Alikufa Alhamisi jioni ndani ya laga, mkondo wa mto wa msimu, upande huu wa Hulugho. Laga hiyo ilikuwa mchanga mkavu mwaka mzima, watu wakipita na mbuzi wao. Siku hiyo mvua ilinyesha mbali, mahali ambapo yeye hakuiona, na maji yakashuka yakamkuta katikati akirudi mjini. Msaidizi wake alikuwa amebaki Garissa na homa, kwa hiyo Salah alikuwa peke yake. Asubuhi wachungaji walilikuta lori limelala ubavu mbali sana na njia. Salah alizikwa Ijumaa kabla ya swala. Aketch alijitanda ushungi, akaenda nyumbani kwake mtaa wa Iftin na unga, mchele na sukari, akaketi na wanawake mpaka wageni wengi walipoondoka.

Jumatatu alifungua uchunguzi. Utaratibu, aliouandika yeye mwenyewe, ulisema dereva ahojiwe kwanza kabla ya shahidi mwingine yeyote. Muema alituma ujumbe kwenye simu ya Salah, ambayo wakati huo ilikuwa bado kwenye matope ya laga, akimwomba afike ofisini alasiri. Alasiri ilipofika, Salah alikuja.

Aliingia kwa lango la malori, akamsalimia askari, akaketi kwenye benchi la ukumbini nje ya mlango wa Aketch. Nguo zilikuwa zimemganda mwilini kwa maji na viatu vyake vilijaa mchanga. Maji yalimchuruzika yakatengeneza kidimbwi sakafuni. Muema aliondoa waya za umeme chini, akaleta beseni, akamwekea miguuni.

"Pole, Salah," akamwambia.

"Ahsante, Muema. Madam yuko?"

Aketch alitoka na taulo. Alimpa, akangoja ajifute uso, akavuta kiti akaketi mbele yake. Muema aliketi kando ili aandike.

"Hebu tuanze mwisho," alisema Aketch. "Nini kilitokea mwisho kabisa?"

"Maji iliingia kwa kebini, madam. Ikanifika hapa." Salah alionyesha kidevu.

"Na kabla ya hapo?"

"Mlango ilikataa kufunguka."

"Na kabla ya hapo?"

"Injini ilizima. Kabla ya hapo nilisikia sauti, kama lori kubwa inakuja nyuma yangu. Nikaangalia kioo, hakuna lori."

Aliuliza alikuwa kwenye gia ya ngapi. Aliuliza kuhusu breki, kuhusu upepo kwenye matairi, kuhusu mwanga ulivyokuwa. Salah alijibu yote kwa utulivu, kama alivyokuwa akijibu alipokuwa hai. Walifika mahali aliposimama ukingoni mwa laga, akatazama mchanga mkavu, akaamua kuvuka. Aketch akasema hapo panatosha kwa leo. Salah akaondoka kabla ya adhana ya magharibi.

Siku ya pili alikuja mkavu. Shati lake lilikuwa limenyooka na viatu havikuwa na mchanga, kwa sababu maswali yalikuwa yameshayapita maji. Muema aliondoa beseni.

Ni Muema aliyempigia simu Jawahir, mjane wake, maana aliona si vizuri mtu aje mjini kila siku na mkewe asijue. Jawahir aliuza maziwa ya ngamia sokoni. Alimwachia jirani madumu yake, akaja na harufu ya moshi wa kufukizia vibuyu vya maziwa bado mikononi. Alimkuta mumewe kwenye benchi, akaketi karibu naye. Walizungumza Kisomali, kwa sauti ya watu walio nyumbani kwao.

"Unasikia baridi?" alimwuliza.

"Juzi nilisikia. Leo hapana."

"Kwa nini huji nyumbani?"

"Nimeitwa hapa," alisema Salah. "Wakimaliza na mimi nitajua pa kwenda."

Jawahir alijua uchunguzi ungeishia wapi. Alhamisi ile Salah alikuwa amempigia simu akiwa njiani. Alimwambia kwamba alikuwa ameshavuka laga, anarudi Garissa na jua bado liko juu, lakini madam anataka picha tena. Itabidi ageuke, wasimngoje kwa chakula. Muema pia alijua, kwa kuwa alikuwa amekaa palepale Aketch alipokuwa akizungumza kwa simu. Madereva walijua. Hakuna aliyekuwa na la kufanya ila kungoja maswali yafike.

Yalifika siku iliyofuata.

"Kabla ya kusimama ukingoni ulikuwa wapi?" aliuliza Aketch.

"Kijijini. Nilipiga picha ya tangi, nikakutumia. Ilifika?"

"Ilifika. Ilikuwa safi kabisa, Salah. Na kabla ya hapo?"

"Nilikuwa barabarani narudi kijijini."

"Na kabla ya hapo?"

Salah alimtazama Muema, kisha akatazama magoti yake.

"Kabla ya hapo ulinipigia simu, madam. Nilikuwa nimevuka laga tayari, nakuja Garissa. Ulisema namba ya tangi haionekani."

Feni ilizunguka juu yao. Aketch hakubadilika uso. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Nilisema maneno gani hasa?"

"Ulisema, 'Salah, naomba urudi.'"

"Nilisema naomba."

"Ndiyo, madam."

"Ungeweza kukataa?"

Salah alifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu hakutaka kumkosea adabu. "Hapana, madam," alisema.

"Simama hapo," alisema Jawahir, aliyekuwa ameketi kando ya mumewe. Alisema kwa Kiswahili ili kila mtu asikie. "Madam, simama hapo tu. Umefika."

Aketch aligeuka akamtazama, na kwa muda ilionekana kama atasimama. Midomo yake ilifunguka. Muema aliinua kalamu. Kisha Aketch alisema kwamba simu ile haikuzuka tu, nayo ilikuwa na sababu yake, na uchunguzi usiofuata sababu mpaka mwisho si uchunguzi. Picha ya kwanza ilikuwa mbaya. Lazima ijulikane kwa nini.

"Na kabla ya hapo, Salah?"

"Nilipiga picha nikitazama jua."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya nini?"

"Arbia alikuwa anasoma Kurani siku hiyo, madrasa walikuwa wanawaita wazazi. Nilimwambia nitafika."

Arbia, binti yao, alikuwa amefika kutoka shuleni na alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake mgongoni. Alikuwa wa darasa la nane. Aliyasikia maneno hayo, na akamsikia Muema akiyaandika. Hakulia. Jioni, walipokuwa wakienda nyumbani, alimwuliza mama yake kama ni yeye. Jawahir alimwambia si yeye. Arbia aliuliza tena walipofika karibu na kioski cha maji, na tena wakati wa kula, na Jawahir akamjibu vilevile kila mara.

Tangu siku hiyo Salah alirudi nyuma haraka katika maisha yake. Aketch aliuliza mazoea yake ya haraka yalitoka wapi, na nani alimfunza kuvuka laga bila kungoja, na huyo aliyemfunza alijifunza kwa nani. Yalikuwa maswali mazuri, na kila moja lilitokana na lile lililotangulia. Kila alasiri Salah alikuja akiwa pale walipoachia. Mvi za ndevu zilitoweka. Kovu la mkono, alilolipata kwa jeki iliyoteleza, lilifutika. Askari wa lango alimpungia mkono kama kawaida na kumwambia amependeza.

Alasiri moja Arbia alimletea chai kwenye chupa, ingawa alijua hanywi. Salah alimpokea kwa heshima.

"Ahsante, walaal," alisema, kama mtu anayemwita ndugu. "Wewe ni binti wa nani?"

Arbia alimwambia jina la mama yake. Salah akatabasamu, akasema mke wake pia anaitwa hivyo, wameoana juzi tu, hawajajaliwa mtoto bado, labda inshallah. Arbia aliiacha chupa ya chai kwenye benchi. Hakuja tena.

Siku hiyo na iliyofuata zilikuwa za Jawahir. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu sasa, mnene kidogo, lakini Salah alimwona na akamtambua, akaona haya kama bwana harusi. Aliinamisha kichwa, akamwuliza kama amekula. Alimwambia amepata kazi ya kuendesha lori la mchanga la ami yake, na kwamba akipata lori lake mwenyewe ataandika jina la Jawahir mbele, juu ya kioo, kwa rangi ya kijani. Jawahir alikuwa amesahau habari ya rangi ya kijani. Alicheka mpaka akajifunika mdomo kwa garbasari, mtandio wake. Muema alichukua makaratasi yake akaenda kusimama uani, kwenye jua, akijifanya anatazama matairi.

"Nisikilize," Jawahir alimwambia mumewe walipokuwa peke yao. "Kuna siku utapigiwa simu ukiwa njiani. Utaambiwa urudi. Usirudi."

"Nani atanipigia?"

"Mtu mzuri. Ataomba kwa upole. Usirudi hata hivyo. Sema gari limeharibika."

"Mimi si mwongo," alisema Salah.

"Siku hiyo sema uongo kwa ajili yangu."

Alimtazama, akaona halikuwa jambo la mzaha. "Wallahi sitarudi," alisema, akaweka mkono kifuani.

Jawahir aliinuka, akaingia ofisini kwa Aketch bila kubisha mlango. Aketch alikuwa amekaa na mikono mezani, hafanyi kitu. Macho yake yalikuwa mekundu. Asubuhi hiyo Muema alikuwa amesikia bomba la choo cha wanawake likimwaga maji muda mrefu, katika ofisi ambayo bosi wake hakuruhusu bomba lidondoshe hata tone.

"Madam, nataka kitu moja," alisema Jawahir. "Kesho usimuulize. Mwache hapo alipo. Akuje hivyo tu kila siku, mimi nikae na yeye kwa benchi. Hatutasumbua ofisi."

"Keti, Mama Arbia."

"Siketi."

"Uchunguzi ukiachwa katikati, ajali itatokea tena."

"Wewe unajua mahali unaisha. Ulishapita hapo. Rudi hapo, sema ile neno, yeye aende kupumzika."

Aketch alizungumza kama mtu aliyeifikiria hesabu hiyo mara nyingi. "Nikisema simu ile ilikuwa kosa, nimesema picha hazina maana. Kesho watu wataanza tena kuuza maji njiani. Vijijini watakunywa nini?"

"Mimi sijasema picha," alisema Jawahir. "Nimesema wewe."

Aketch alifungua droo akaifunga. Kwa miaka mingi alikuwa amewaketisha watu mbele yake na kuwasaidia kuyafikia makosa yao, na wengi walitoka mle ndani wakiwa wepesi. Hakukuwa na mtu wa kumketisha yeye. Alijaribu kuyatafuta maneno, Jawahir akamwona akiyatafuta, yasije.

"Siwezi kuruka hatua," alisema mwishowe.

Kesho yake alasiri Salah alikuja akiwa kijana mwembamba mwenye ndevu zinazoanza. Jawahir alikuwa ameshaketi kwenye benchi. Alikuwa amejipaka hina usiku ule na kuvaa garbasari mpya. Salah alimpa salamu, akaacha nafasi kubwa kati yao kama inavyotakiwa, akaketi.

"Eddo," alimwita, kama kijana anavyomwita shangazi yake. "Hapa ndipo mtu anangoja?"

"Ndiyo," alisema Jawahir. "Hapa."

"Wewe pia umeitwa?"

"Nimekuja kumwona mtu."

"Atakuja, inshallah," alisema Salah kumtuliza, na hakusema naye tena, kwa kuwa alikuwa kijana mwenye adabu na yeye alikuwa mama wa watu asiyemjua.

Jawahir aliendelea kuja. Jirani aliyemshikia madumu ya maziwa alimwuliza kwa nini anajitesa, akamjibu kwamba mtu mwenyewe hana mwingine wa kukaa naye. Alikaa naye alipokuwa mvulana wa Hulugho mwenye fimbo ya kuchungia, asiyejua Kiswahili, na Aketch akalazimika kumwomba Jawahir atafsiri. Mvulana alieleza jinsi alivyovuka laga kwa mara ya kwanza, akishika mkia wa ngamia wa baba yake, na jinsi baba yake alivyocheka na kumwita mwanamume. Jawahir hakuwa amewahi kuisikia hadithi hiyo. Alitafsiri neno kwa neno. Aketch aliuliza kama maji yalikuwa mengi siku hiyo, akajibiwa yalifika magotini, akamwambia Muema aandike magotini.

Siku ya mwisho Salah hakuingia kwa lango. Muema alitoka ofisini baada ya swala ya alasiri akamkuta amelala kwenye benchi, mtoto mchanga aliyefungwa kitambaa cheupe, ngumi mbili zimekunjwa kando ya mashavu. Aliweka makaratasi upande wa nje asije akaanguka, akampigia simu Jawahir afanye haraka.

Jawahir alimbeba. Alikuwa mtoto mwenye afya, mzito. Aketch alitoka, akavuta kiti chake mahali pale pale, akaketi.

"Na kabla ya hapo?" aliuliza, karibu bila sauti.

Mtoto alipiga miayo. Aketch aliingojea ile miayo iishe, kama alivyowangojea watu wote waliokuwa wakitafuta jibu. Kisha alimwambia Muema aandike kwamba shahidi hawezi kuendelea na kwa sababu hiyo uchunguzi umefungwa. Chanzo cha ajali hakikuthibitika. Hata hivyo kulikuwa na jambo la kurekebishwa, naye alilitaja: kuanzia sasa madereva wote wafunzwe kupiga picha wakiwa wameligeuzia jua mgongo.

Aliinuka. Alimfikia Jawahir, akanyoosha kidole, na mtoto akakishika.

"Pole, Mama Arbia," alisema.

"Pole ya nini, madam?"

Aketch alifikiri kwa makini, kama alivyofikiri kila jambo. Mtoto hakukiachia kidole chake.

"Pole kwa yaliyotokea," alisema.

Jawahir alingoja kama kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi. Akamfungua mtoto vidole polepole, kimoja kimoja, mpaka kile cha Aketch kikatoka. Muema aliwafungulia mlango. Alikuwa amelitayarisha neno la kumwambia Jawahir, lakini alipofungua mdomo alijikuta akimwambia aangalie ngazi.

Jawahir na mtoto walipokuwa wanapita chini ya dirisha la ofisi, simu ya Aketch ililia kwa ujumbe. Kulikuwa na kimya cha mtu anayekuza picha kwa vidole viwili. Kisha sauti yake ilisikika, ya chini na ya upole, akizungumza na Keynan, dereva mpya aliyepewa njia ya Hulugho.

"Keynan, uko wapi sasa? Umeshavuka. Sawa. Tarakimu ya mwisho imefunikwa na kivuli. Ndiyo, naona uliligeuzia jua mgongo, lakini kivuli ni chako wewe mwenyewe." Akasikiliza. "Kuna mawingu? Mbali kiasi gani? Basi uwe mwangalifu. Naomba urudi."

Jawahir alivuta ncha ya garbasari akamfunika mtoto sikio. Alitoka langoni. Askari alisimama wima alipompita.

Alikwenda kwa miguu mpaka Iftin, upande wa barabara wenye kivuli cha maduka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipima sukari alimwona, akasema mashallah, akauliza mtoto ni wa nani. "Wa Salah," alisema Jawahir, na yule mwanamke akamwombea umri mrefu. Penye duka la dawa alihisi mzigo umepungua, ukawa kama mkate. Alipofika penye mafundi wa baiskeli ulikuwa kama joto tu linalobaki kitandani mtu akiamka. Hakutazama chini. Aliendelea kushikilia mikono vilevile, mmoja chini, mwingine juu, na watu wakampisha njiani kama wanavyompisha mwenye mtoto aliyelala.

Arbia alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele. Aliinuka alipomwona mama yake, akajipangusa mikono kwenye gauni. Alinyoosha mikono, na Jawahir akampa kitambaa kile taratibu, na Arbia akakipokea kwa kutia kiganja chini, pale ambapo kichwa kingekuwa. Wakaingia ndani.